Kope Zimeanguka, Sauti Inatokea Puani: Mwongozo Kamili wa Kutambua na Kutibu Botulizimu Katika Huduma ya Dharura

Nimeongoza mazoezi ya dharura kwa wauguzi wa vituo vya afya vya Katuba, Kampemba na Ruashi, hapa Lubumbashi, na kila mara tunakwama mahali pale pale. Mgonjwa wa mfano analetwa: kope zimeanguka, sauti inatokea puani, homa hana. Kundi linapima malaria, linatundika seromu (dripu), linabandika saturometa, kipima oksijeni ya damu, kidoleni. Inasoma 97. Wanatulia. Nusu saa baadaye natangaza kwamba mgonjwa ameacha kupumua, na wote wanauliza: lakini oksijeni si ilikuwa nzuri?

Ilikuwa nzuri, ndiyo. Sumu ya botulizimu, inayotengenezwa na kijidudu kinachokaa kwenye chakula au kidondani, haigusi mapafu. Inafunga mlango kati ya mshipa wa fahamu na msuli, amri ya ubongo isipite. Huanza na misuli midogo ya macho na koo, ikashuka shingoni, mikononi, kifuani, hadi kwenye kiwambo, msuli mkuu wa kupumulia ulio kati ya kifua na tumbo. Mapafu yanabaki mazima huku misuli inayoyavuta ikichoka, na saturometa huja kuliona hilo wakati umechelewa. Ndiyo maana mwongozo huu wote unashikilia jambo moja: pima nguvu ya pumzi mapema, uwe tayari kumpumulia mgonjwa kabla hajaishiwa.

Nimeuandika kwa ajili ya muuguzi au daktari kijana aliye zamu usiku na hana wa kumuuliza. Fuata hatua kwa mpangilio.

## Vitu vya kuwa navyo karibu

- Baluni ya Ambu, ile ya kukamua kwa mkono ili kumpumulia mgonjwa, na barakoa zake, ya mtu mzima na ya mtoto. Ijaribu kabla mgonjwa hajafika: ziba tundu kwa kiganja, kamua. Kama hewa inavuja, tafuta nyingine.
- Mashine ya kufyonza makohozi. Iwepo na ya kukanyaga kwa mguu, maana umeme hukatika.
- Oksijeni, saturometa, tochi ndogo na saa yenye mshale wa sekunde.
- Vifaa vya kuingiza mrija wa hewa kooni, kama yupo anayejua kuvitumia.
- Mrija wa kulishia wa puani, mrija wa mkojo, seromu.
- Adrenalini, kwa ajili ya siku antitoksini, dawa ya kukamata sumu hii, itakapofika.
- Chupa kavu za damu, vikopo safi vyenye vifuniko, na kisanduku cha barafu cha chanjo.
- Daftari na kalamu. Usicheke hili, bila daftari hatua ya 3 haina maana.

Barakoa maalumu na chumba cha kumtenga huhitaji. Botulizimu haiambukizi kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Glavu na maji ya kunawa, kama kwa mgonjwa yeyote, vinatosha.

## Hatua ya 1: Anza na uso, kabla ya kipimo chochote

Simama mbele ya mgonjwa, macho yako yalingane na yake. Tafuta mambo haya:

Kope zote mbili zimelegea. Anaona vitu viwili viwili, au ukungu. Mboni ni kubwa, na ukimulika tochi hazinywei au zinanywea kwa uvivu. Kinywa kikavu. Ulimi mzito, sauti ya puani. Akijaribu kunywa maji, yanamtoka puani au yanampalia.

Sasa angalia vitu ambavyo havipo. Homa haipo. Ganzi haipo, ukimgusa mguu anahisi. Na akili iko timamu kabisa. Hili la mwisho ndilo linalotupotosha zaidi, kwa sababu mtu mwenye kope zilizofunga na maneno yanayokokota anaonekana amelewa au hana fahamu. Mwinue kope kwa kidole chako, umwambie: "Mama, kama unanisikia, bana mkono wangu." Atabana.

Mama mmoja aliletwa kwetu usiku akiwa ameketi wima kwenye kiti, kidole cha shahada kimeinua kope ya jicho la kulia ili amwone anayesema naye. Akimjibu mtu mwingine, aligeuza kichwa kizima, macho hayakufuata. Jamaa walisema amelogwa. Sisi tuliandika "malaria?" kwenye karatasi. Kidole kile kilikuwa kinatuambia kila kitu.

Umefaulu ikiwa ndani ya dakika 2 unaweza kusema: ulegevu uko pande zote mbili sawasawa, ulianzia juu, unashuka, bila homa na bila ganzi.

## Hatua ya 2: Uliza chakula, kidonda na nyoka

Dalili za botulizimu ya chakula kwa kawaida huanza saa 12 hadi 36 baada ya kula, lakini zinaweza kuanza ndani ya saa 4 au kuchelewa hadi siku 8. Kwa hiyo usiulize "ulikula nini leo". Uliza wiki nzima, ukitaja vyakula kimoja kimoja, maana mtu hukumbuka anapotajiwa.

Kijidudu chenyewe hupenda mahali pasipo na hewa, pasipo na uchachu wa kutosha, penye joto la kawaida. Taja basi: samaki wa chumvi waliokaa, kama makayabu yaliyotiwa chumvi kidogo, samaki wa moshi waliofungwa kwenye plastiki, mikebe iliyovimba, nyama iliyohifadhiwa nyumbani, pilipili au kitunguu saumu kilichozamishwa kwenye mafuta ndani ya chupa. Huko Misri mwaka 1991 samaki wa chumvi waliua watu 18. Nchini Kenya watu waliwahi kuugua kwa kula kumbikumbi. Chakula hicho si lazima kinuke wala kubadilika ladha, kwa hiyo jibu la "kilikuwa kizuri" lisikuondolee shaka.

Uliza na matanga. Watu wengi hula sahani moja kwenye kilio, na mgonjwa wako anaweza kuwa wa kwanza tu.

Kisha mvue nguo. Tafuta kidonda kirefu, jipu, alama za sindano, kwa sababu kijidudu kinaweza kukaa kidondani na kutengeneza sumu humo. Tafuta na alama za meno ya nyoka, hasa kama analala chini: fira (kobra) na koboko (black mamba) hulegeza kope na koo vile vile, kwa haraka zaidi.

Mtoto asiyetimiza mwaka mmoja ni habari nyingine. Uliza kama amelambishwa asali. Kwake dalili ya kwanza mara nyingi ni kukosa choo, kisha kunyonya kwa uvivu, kilio chembamba, na kichwa kinachoning'inia.

## Hatua ya 3: Pima pumzi kwa kuhesabu

Hapa ndipo tunaposhindwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwambie mgonjwa avute pumzi mpaka mwisho, kisha ahesabu kwa sauti bila kuvuta tena, namba 2 kwa kila sekunde. Mtu mzima mwenye afya hufika 40 au 50. Chini ya 20 ni hatari. Chini ya 15, jiandae kumpumulia sasa hivi.

Shida ni kwamba kipimo hiki kilitungwa kwa lugha nyingine. Kwa Kiswahili, baada ya kumi namba zinarefuka: "kumi na saba" ni silabi tano, na pumzi inaliwa na maneno. Mgonjwa mwingine ataanza kwa Kiswahili, akamalizia kwa Kifaransa, na hesabu ya saa moja iliyopita haitalinganishika na ya sasa. Dawa yake ni hii: ahesabu moja hadi kumi, arudie moja hadi kumi, wewe ukikunja kidole kwa kila kumi. Na tazama saa. Sekunde 10 ni sawa na namba 20. Akishindwa kutamka, mwache atoe sauti ya "aaa" moja ndefu, uandike sekunde.

Fanyeni pamoja mara ya kwanza: "Mama, vuta kama mimi. Haya, moja, mbili, tatu…" Wewe ukiendelea yeye akiwa amekatika, tofauti hiyo utaisikia kwa masikio yako.

Halafu pima mambo matatu ya haraka. Ainue kichwa kutoka kwenye mto na kukishikilia kwa sekunde 5: shingo ikishindwa, kiwambo kiko njiani kushindwa. Akohoe: kikohozi kiwe na nguvu, kisiwe pumzi tu. Tazama tumbo: kama linaingia ndani anapovuta hewa badala ya kutoka, kiwambo kimechoka.

Rudia kila saa. Kama namba inashuka, rudia kila nusu saa. Andika saa, namba, shingo, kikohozi, kwenye mstari mmoja wa daftari.

Onyo: ukimwekea oksijeni, saturometa itapanda na kukuliwaza. Oksijeni inaweza kuingia ilhali hewa chafu haitoki. Mgonjwa anayeanza kuhangaika, kutoa jasho au kusinzia anakosa hewa hata kama mashine inasema 96. Usimchome diazepamu, dawa ya usingizi, ili atulie. Utamaliza pumzi iliyobaki.

Umefaulu ikiwa anayekupokea zamu anaweza kuona kwa kutazama ukurasa mmoja kama mgonjwa anashuka au amesimama.

## Hatua ya 4: Tenganisha na yanayofanana

Usipoteze muda mrefu hapa, na usisimamishe hatua ya 5 ukisubiri uhakika.

Sumu ya dawa za wadudu inafanya kinyume: mate, machozi, jasho, mboni ndogo kama nukta. Huyo anahitaji atropini; wa botulizimu, mwenye kinywa kikavu na mboni kubwa, atropini haimsaidii kitu. Kiharusi huchukua upande mmoja. Ugonjwa wa Guillain-Barré kwa kawaida huanza miguuni ukapanda, pamoja na kuchomachoma vidoleni. Dondakoo lina homa na utando kooni. Polio ina homa na hulegeza upande mmoja kuliko mwingine. Konzo, ile ya mihogo michungu isiyolowekwa vizuri, hukakamaza miguu, hailegezi. Miastenia, ugonjwa wa misuli kuchoka haraka, ina historia ya wiki au miezi, ikizidi jioni.

Mgonjwa akiwa chini ya miaka 15, ulegevu wowote wa ghafla unatolewa taarifa siku hiyo hiyo kwenye zoni ya afya (ofisi ya afya ya eneo lako), kwa ajili ya ufuatiliaji wa polio. Choo huchukuliwa mara 2, kwa tofauti ya saa 24. Hata kama una hakika ni botulizimu, fanya hivyo.

## Hatua ya 5: Linda njia ya hewa

Asipewe kitu chochote kwa mdomo. Wala kidonge, wala uji, wala dawa ya mti kutoka kwa shangazi. Waeleze jamaa sababu: koo limelala, kila tone litaingia kwenye mapafu.

Mlaze kwenye mteremko ulionyooka, kichwa juu, nyuzi 20 hadi 25. Usimkunje kiunoni, maana tumbo litasukuma kiwambo. Ubao wa mita 2 ulioinuliwa sentimita 70 upande wa kichwa unakupa mteremko huo; weka kizuizi miguuni asiteleze, na kitambaa kilichoviringwa chini ya shingo. Kama mate yanajaa na huna mashine ya kufyonza, mlaze ubavu.

Amua kumwingizia mrija wa hewa mapema, pale hesabu inaposhuka, kikohozi kinapoisha, au mate yanapomkusanyikia kooni. Usisubiri rangi ya midomo ibadilike. Ketamini ni chaguo zuri la kumlaza usingizi. Kama ana siku kadhaa tangu alegee, usitumie suksametonio, dawa ya kulegeza misuli: inaweza kupandisha potasiamu ghafla na kusimamisha moyo.

Huna mashine ya kupumulia? Una mikono. Baluni ya Ambu, pumzi moja kila sekunde 6 kwa mtu mzima, ukikamua hadi kifua kiinuke tu. Mkamuaji mmoja hawezi kuziba barakoa vizuri kwa muda mrefu. Mmoja ashike barakoa kwa mikono miwili, mwingine akamue. Wafundishe jamaa wawili au watatu, wasimamie, na mbadilishane kabla mikono haijachoka.

Kuhusu kumhamisha: asipelekwe kwa pikipiki akiwa amebanwa katikati ya watu wawili. Nimeona wakifika hivyo. Shingo haina nguvu, kidevu kinaangukia kifuani, njia ya hewa inajifunga barabarani bila yeyote kujua. Gari, mtu amelala, baluni mkononi, na simu imeshapigwa kule anakokwenda.

Umefaulu ikiwa kifua kinainuka kwa kila pumzi na hakuna sauti ya maji kooni.

## Hatua ya 6: Dawa za kuweka mbali

Gentamisini. Tunaizoea, tunaiandika pamoja na ampisilini karibu bila kufikiri, nayo pamoja na dawa za jamii yake huziba ule mlango ambao sumu imeshauziba. Magnesiamu ya kuchoma hufanya vivyo hivyo. Kwinini nayo hulegeza misuli. Kama malaria imethibitishwa, tumia artesunate.

Botulizimu ya chakula haihitaji antibiotiki, kwa sababu kinachoua ni sumu iliyokwisha kutengenezwa. Ya kidonda inahitaji: kidonda kipasuliwe na kusafishwa na daktari wa upasuaji hata kama kwa juu kinaonekana kizuri, kisha penisilini au metronidazoli, antitoksini ikiwa imetangulia pale ilipo.

## Hatua ya 7: Chukua sampuli kabla ya antitoksini

Mtu mzima: damu mililita 10 hadi 15 kwenye chupa kavu, ili upate seramu, yale majimaji ya damu yanayobaki ikiganda. Choo gramu 10 hadi 50. Kama amefunga choo, msafishe kwa maji safi yaliyochemshwa kitaalamu, kiasi kidogo. Matapishi kama yapo. Na chakula chenyewe, kikiwa kwenye chombo chake kama inawezekana. Asikionje mtu yeyote. Andika jina, tarehe na saa, weka kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, mpe taarifa daktari mkuu wa zoni ili apange njia ya kufikisha INRB, maabara ya taifa iliyoko Kinshasa.

Damu ikichukuliwa baada ya antitoksini, sumu haitaonekana tena. Lakini usicheleweshe matibabu ukisubiri jibu la maabara. Uamuzi hufanywa kwa macho na masikio yako, kando ya kitanda.

## Hatua ya 8: Omba antitoksini, uitoe kwa uangalifu

Antitoksini ni seramu, kwa kawaida ya farasi, inayokamata sumu ikiwa bado inazunguka kwenye damu. Sumu iliyokwisha kuingia kwenye mshipa wa fahamu, antitoksini haiigusi. Maana yake ni kwamba inasimamisha ugonjwa pale ulipofika, hairudishi nguvu iliyopotea, na kila saa unayochelewa kuomba mgonjwa anaendelea kushuka.

Hutaipata kwenye duka la dawa la mtaani. Piga simu usiku huo huo kwa daktari mkuu wa zoni, naye apige kwa divisheni ya afya ya mkoa. Shirika la Afya Duniani hupitia huko. Useme kwa ufupi: idadi ya wagonjwa, saa dalili zilipoanza, uzito wao, namba za kuhesabu, nani yuko kwenye baluni.

Ikifika, fuata karatasi iliyomo kisandukuni kuhusu kipimo na kasi. Huchanganywa na seromu ya chumvi na huanza polepole sana. Kaa kando ya kitanda. Adrenalini iwe imeshavutwa kwenye bomba: mtu mzima miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja, akivimba uso, akitoka vipele au shinikizo la damu likianguka. Siku kadhaa baadaye homa na maumivu ya viungo vinaweza kujitokeza. Mwambie mapema asishtuke.

Umefaulu ikiwa hesabu za kesho yake hazishuki tena. Usitarajie kope kuinuka siku hiyo.

## Hatua ya 9: Wiki zinazofuata

Miisho mipya ya mishipa lazima iote, na hilo huchukua wiki, wakati mwingine miezi. Shirika la Afya Duniani linataja vifo vya asilimia 5 hadi 10. Wengi wanapona, kama kuna wa kuwapumulia.

Mgeuze kila saa 2. Mlishe kwa mrija wa puani. Angalia mkojo na choo, vyote hukwama. Macho hayafungi vizuri, kwa hiyo yatie mafuta maalumu na uyafunike usiku. Nyosha viungo vyake kila siku.

Na useme naye. Yule aliyelala bila kutikisa hata kope anasikia kila neno, pamoja na mazungumzo ya jamaa kuhusu gharama na jeneza. Tafuta kiungo kimoja kinachosogea bado, hata kidole gumba cha mguu: mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Muulize kama ana maumivu. Mpe dawa ya maumivu.

## Hatua ya 10: Watafute waliokula naye

Fanya hii saa ile ile ya hatua ya 2, usiiache hadi asubuhi. Nimeiweka mwisho kwa sababu inamhitaji mtu mwingine: mtume jamaa mwenye simu, akiwa na orodha ya walioketi kwenye sahani ile. Chakula kilichobaki kisimwagwe wala kisipewe mbwa, kifungwe, kiletwe. Kila aliyekula aje, hata anayejiona mzima, atazamwe kope, ameze maji kidogo mbele yako, ahesabu. Mwenye dalili yoyote analazwa. Asiye nayo anakaa karibu na kituo na mtu wa kumtazama, hadi siku 8 zipite.

Yule mama aliyeinua kope kwa kidole alifariki kabla ya alfajiri. Sampuli hazikuchukuliwa, kwa hiyo jina la ugonjwa wake halitathibitishwa kamwe. Mdogo wake alikuwa ameketi kwenye benchi la nje usiku kucha, kichwa kimeegemea ukuta, macho yamefumba, na tulimpita mara nyingi tukidhani amechoka kwa kulia. Muuguzi wa zamu ya asubuhi ndiye aliyemletea chai, akaona inamrudi puani. Alipoambiwa ahesabu, alifika kumi na nane.